Usijikondeshe kwa ajili ya kwanjula

Dada yangu, umeuliza kama ujikondeshe kabla ya kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi wa binti, kwa kuwa mchumba wako ni mwembamba na watu wanawacheka mkipita pamoja mjini Kampala. Usifanye hivyo. Macho ya watu hayana kipimo: zamani kule Ankole, kusini-magharibi mwa Uganda, bibi harusi wa Kihima, jamii ya wafugaji, alinyweshwa maziwa anenepe ndipo asifiwe, leo mwenye umbo hilohilo anachekwa ndani ya teksi. Mwaka 2019 mashindano ya wanawake wanene yalitangazwa kuwa kivutio cha utalii. Wengi wetu tuliumia. Kinachonitia wasiwasi ni kimoja: dada za mchumba wako wanapokusema mezani, yeye hunyamaza? Mwambie azungumze nao mwenyewe, mapema, wewe ukiwa haupo.