Nikimbie alfajiri na tumbo tupu ili nikate kitambi?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 38, naishi Tabata, nina kilo 84. Na wenzangu wa klabu ya jogging tunakimbia saa nzima kuanzia saa 11 na nusu alfajiri. Nimeambiwa nisitie kitu mdomoni ila maji ya moto yenye ndimu, tangawizi na kijiko cha unga wa kukata tumbo, ili mwili uchome mafuta. Nimepungua kilo 3 kwa siku nne, ila juzi nilishikwa na kizunguzungu nikakaa chini barabarani. Nile nini kabla ya kutoka?

JIBU: Pole, dada yangu. Kula ndizi mbivu mbili ndogo nusu saa kabla ya kutoka, na glasi ya maji. Ukiamka mapema zaidi, kikombe cha uji mwepesi au kipande cha kiazi kitamu kilichobaki jana usiku. Chapati, maandazi na supu subiri urudi, maana mafuta huchelewa kutoka tumboni na utayasikia yakipanda kooni kabla hujafika mbali. Ukirudi, mayai au maharage yasikosekane. Swali lako limeishia hapo.

Sasa huo unga.

Hizo kilo 3 si mafuta, na hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina takribani kilokalori 7,700, kwa hiyo kilo 3 ni zaidi ya 23,000. Mtu wa umbo lako hutumia kama 2,000 na ushee kwa siku. Hata ungefunga siku zote nne bila kugusa tonge, ukakimbia kila alfajiri, usingezifikia. Kilichotoka ni maji na choo. Unga mwingi wa aina hii unaoletwa kwangu una harufu ya sanamaki, ile ile ya kuharisha ambayo bibi zetu walitupa mara moja tukivimbiwa, si kila siku kabla ya kukimbia.

Ndimu nayo imesingiziwa vya kutosha. Asidi iliyomo tumboni mwako ni kali kuliko yake. Kama asidi ingeyeyusha kitambi, Dar nzima isingekuwa na mwenye kitambi.

Ni kweli ukikimbia hujala, misuli hutumia mafuta zaidi kidogo katika saa ile. Hapo ndipo wauzaji walipodaka nusu ya habari. Mchana mwili husawazisha, na kinachoamua ni chakula cha siku nzima. Isitoshe, mwili hauchagui kuchota mafuta ya tumboni kwa sababu tu wewe ndiko unakotaka.

Kizunguzungu chako sikishangai. Ini likijaa hubeba kama gramu 100 za akiba ya sukari, na ubongo huitumia usiku kucha ukiwa umelala. Unaamka akiba imepungua, maji yametoka chooni, halafu unatoka kwenye joto la Dar lenye unyevu ambamo jasho linatiririka bila kukauka. Kutembea taratibu dakika 20 bila kula hakuna shida. Kukimbia saa nzima huku unaharishwa ni habari nyingine.

Acha huo unga leo. Kizunguzungu kikirudi baada ya kuuacha, nenda kituo cha afya wakupime presha, sukari na wingi wa damu.

Wanaonitisha zaidi ni wenye kisukari wanaochoma insulini au kumeza glibenklamidi. Hao wakikimbia bila kula, sukari inaweza kushuka wakaanguka na kupoteza fahamu. Wapime kwanza, wabebe glukosi mfukoni, na wamuulize daktari wao kuhusu dozi. Muuza unga hamuulizi mtu kama ana sukari. Chupa ya mwisho niliyoletewa ilikuwa ya maji ya kunywa iliyobanduliwa lebo, imebandikwa karatasi yenye picha ya kiuno chembamba na namba ya simu. Kilichomo ndani hakikuandikwa popote.