Jibu: Protini za ngozi, salfa au enzaimu?

Jambo ndugu. Unasema umejibu kwamba protini za ngozi ya juu zinashikana kwa salfa, mwalimu akakukata alama. Mimi nilikwama papo hapo mwaka wa pili, hapa Bukavu.

Kwanza angalia: swali linataja asidi amino (vipande vinavyojenga protini) gani? Sisteini na sisteini, hapo ni salfa, kama kwenye keratini ya nywele. Ndiyo hiyo ambayo dawa za kunyoosha nywele zinaivunja kwenye saluni za Kadutu. Ukiona glutamini na lisini, achana na salfa. Hapo kazi ni ya enzaimu iitwayo transiglutaminasi: inaunganisha glutamini ya protini moja na lisini ya nyingine, amonia inatoka. Salfa ni kifungo cha shati, unaweza kukifungua. Hii ya enzaimu imeshonwa kabisa, hata ukichemsha na sabuni kali haiachii.

Halafu usisahau kalsiamu, mimi ndiyo iliyonipotezea alama. Bila kalsiamu enzaimu imelala. Seli ikipanda karibu na juu, kalsiamu inaongezeka, ushonaji wa protini za ganda unaanza: involukrini mapema, lorikrini kwa wingi baadaye, chini ya utando wa seli. Seli inakufa, ganda linabaki.

Mwalimu akiuliza mfano, mpe huu: jeni ya TGM1, inayotengeneza enzaimu hii, ikiharibika, mtoto anaweza kuzaliwa amefunikwa na utando unaong'aa kama nailoni, baadaye ngozi inakuwa na magamba. Wangu aliupenda.