Nyota zangu zinaziba tundu

SWALI: Shikamoo bibi. Dada yangu anaolewa, nami nataka kumdarizia kitambaa cha meza chenye nyota za ncha nane, zile zenye tundu katikati. Nimenunua popilini nyeupe na nyuzi za rangi, nikaiga kwenye picha. Lakini nyota moja nene, nyingine imepinda, na pale pa tundu pamebaki kinundu tu. Nakosea wapi?
Msomaji, Muheza, Tanga

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Umenishtua kwenye neno popilini. Mshono huu ni wa kuhesabu nyuzi za kitambaa, na popilini imefumwa kwa kubanana. Mimi hata kwa miwani sioni cha kuhesabu. Nilijifunzia kwenye mfuko wa unga wa ngano, enzi zile unga ukiuzwa kwenye mifuko ya nguo, na nyuzi zake zilionekana hata kwa kibatari. Ila yako usiitupe. Chonga penseli, shika rula, piga vitone tisa kwa kila nyota: kona nne, katikati ya kila upande, na kimoja kiini. Mraba wa milimita 8 unatosha. Hapo kupinda kumekwisha.

Sasa hilo tundu. Nahisi unaitoa sindano katikati na kuizamisha ukingoni. Geuza. Itokee ukingoni, izame katikati, mara zote nane, ukizunguka upande mmoja bila kuruka kitone. Sindano inayotokea katikati inakwaruza na kuzoa nyuzi zilizokwisha kukaa. Inayozama inazisukuma kando. Kabla hujaanza, tanua kiini kwa sindano nene butu, ukiizungusha taratibu nyuzi zitengane, zisikatike. Na kila ukizamisha, vuta uzi kidogo kwa nyuma kuelekea nje.

Halafu, umeuchambua uzi? Uzi wa kudarizi huja na nyuzi sita zilizoshikana. Ukitia zote, ncha nane mara sita, nyuzi 48 zinagombania kitundu kimoja! Tumia mbili.

Kama hunielewi, azima kofia ya viua ya mjomba, uinyanyue kwenye mwanga. Mshono wake si huu, lakini utaona uzi ulivyozunguka kila kitundu na kuvutiwa nje. Inafuliwa, inatiwa wanga, na vitundu viko wazi vile vile.

Fundo usipige. Acha mkia wa uzi nyuma, uufunike kwa mishono. Ukihamia nyota ya jirani, pitia chini ya mishono hiyo ya nyuma, maana ukikatiza tundu, uzi utachungulia mbele.

Tena harusi lini? Hukusema. Kama ni mwezi huu, kitambaa kizima hukiwezi. Weka nyota tano kila kona, katikati waache waweke sahani.