Majimaji ya rumeni (tumbo la kwanza la ng'ombe): maswali yenu kuhusu vipimo

Ng'ombe alivamia ghala la nafaka usiku. Sasa yuko hoi, na ukimsukuma ubavu unasikia maji yakichezacheza. Tulivuta majimaji ya rumeni kwa mpira wa mdomoni, pH (kipimo cha asidi: ikishuka, asidi imezidi) ikasoma 7.1, ilhali tulitarajia asidi ya nafaka. Inawezekanaje?

Inaelekea mmepima mate. Mate ya ng'ombe yana bikaboneti nyingi, kemikali inayopunguza asidi, pH yake hukaribia 8.2, na mnyama anayetafuna mpira huyatoa kwa wingi. Mpira ukiishia mbele, karibu na mlango wa umio, mnayavuta hayo hayo. Mtayajua kwa kuyachovya kidole: yakivutika kama ute, mwageni. Kwa ng'ombe mkubwa ingizeni mpira hadi karibu mita 2, na kabla ya kuvuta hakikisheni haukupotelea kwenye njia ya hewa: kusiwe na pumzi inayoingia na kutoka mpirani, bali harufu ya rumeni. Mililita 200 za mwanzo zitupwe, kisha ndipo mkusanye 200 hadi 500 za kupima.

Kuna uwezekano wa pili. Siku moja au mbili zikipita tangu ale, pH inaweza kupanda yenyewe kadiri asidi inavyofyonzwa na mate yanavyoshuka. Hapo angalieni protozoa, vijidudu hai vya rumeni vinavyoonekana kwa hadubini. Kama wote wamekufa na majimaji yana rangi ya kijivu cha maziwa, aminini protozoa kuliko mashine. Matibabu yasisubiri namba: ng'ombe mwenye dalili hizo ni wa dharura hata kipimo kiseme nini.

Karatasi za pH zinatosha?

Kwa asidi kali, ambapo pH iko chini ya 5, zinatosha. Kwa asidi ya chinichini, isiyo na dalili za wazi, hazifai, kwa sababu tofauti inayotafutwa ni ndogo na ukijani wa majimaji huficha rangi ya karatasi. Tumieni mashine iliyosawazishwa siku hiyo kwa bafa (vimiminika vyenye pH inayojulikana) za pH 4 na 7, na mpime papo hapo zizini. Kaboni dioksidi ikishatoka kwenye sampuli, pH hupanda.

Tukifika maabara protozoa hawatembei. Wamekufa?

Huenda wamepigwa na baridi tu. Wao huishi kwenye nyuzi 39 hivi. Suuzeni chupa ya chai kwa maji ya joto hilo, ijazeni majimaji hadi shingoni ili hewa isibaki, na mpashe joto hata slaidi. Tone moja, kioo cha kufunikia, ukuzaji wa mara 40 hadi 100. Rumeni yenye afya huonekana kama soko: wakubwa, wa kati na wadogo wakipishana. Wakubwa ndio hufa kwanza, kwa hiyo mkiona wadogo peke yao, tatizo limeshaanza.

Bluu ya methilini, rangi ya kupima nguvu ya bakteria wa rumeni, inatumikaje, na kwa nini juu ya neli hubaki duara la bluu?

Changanyeni mililita 10 za majimaji mabichi na mililita 0.5 za bluu ya methilini ya asilimia 0.03, mweke na neli nyingine isiyo na rangi ya kulinganishia. Bakteria wakiwa na nguvu, bluu hupotea ndani ya dakika 3 hadi 6. Ikizidi 15, hawafanyi kazi: labda mnyama hakula siku kadhaa, labda chakula ni makapi matupu. Duara la juu lipuuzeni, linatokana na oksijeni ya hewani. Kosa la kawaida ni kutikisatikisa neli katikati ya kipimo. Bluu hurudi na saa inapoteza maana.

Kloraidi ya majimaji ya rumeni imesoma 65 mmol/L. Tumpe mgonjwa majimaji ya rumeni ya ng'ombe mwenye afya?

Bado. Kawaida ni chini ya 30. Kiwango hicho kinaonyesha asidi ya tumbo la nne inarudi nyuma, kwa hiyo daktari atafute kwanza tumbo lililohama au utumbo ulioziba.

Tuna ng'ombe wengi wa maziwa. Tukipima mmoja inatosha?

Haitoshi. Chagueni 12 wanaokula chakula kilekile, na daktari achukue sampuli kwa sindano inayochomwa moja kwa moja kwenye rumeni, ambayo haina mate. Wakilishwa pumba na nafaka kivyake, pimeni saa 2 hadi 4 baada ya kula. Chakula kikichanganywa chote pamoja, saa 5 hadi 8. Watatu au zaidi wakiwa na pH ya 5.5 kushuka chini, rekebisheni mgao wa kundi zima.

Ng'ombe amekufa jana jioni. pH ya leo itatuambia chochote?

Kidogo mno, maana uchachu huendelea baada ya kifo. Utando wa ndani wa rumeni kubanduka nako si ushahidi, hubanduka kwenye mzoga wowote uliokaa. Tazameni kiasi cha nafaka tumboni. Mkishuku sumu ya yurea, gandisheni sampuli mara moja, kwani amonia huzidi kuzalishwa kila saa inayopita.