Wadogo zangu wa shantiye, wekeni simu mfukoni

Juzi nilipita kwenye shantiye moja (mahali pa ujenzi) ya Kadutu, hapa Bukavu, wakati wanamimina beto (zege) ya nguzo. Stajeri, mwanafunzi wa mazoezi, kofia nyeupe kichwani, anajipiga picha. Nyuma yake kijana wa kuchanganya anaongeza ndoo ya maji ili beto iteleze. Jioni picha ilikuwa kwenye statusi, na ndoo inaonekana vizuri kabisa. Nikamwandikia: hongera mdogo wangu, umejitolea ushahidi mwenyewe. Akanijibu kwa vicheko. Basi naandika, maana kila mwaka mnatoka chuo na makosa yale yale, kama vile mnaachiana urithi.

1. Maji. Mfuko wa simenti wa kilo 50 unataka lita 25 hivi, na mchanga uliolowa mvua umekuja tayari na ya kwake. Fundi akilalamika kwamba beto ni ngumu, mtafutie vibreta, mashine ya kutikisa beto, usimpe ndoo.

2. Vyuma. Pima kabla havijashushwa garini. Chuma cha milimita 12 chenye urefu wa mita 12 kina kilo kumi na nusu na zaidi kidogo. Kikija na kilo saba na kitu, umeuziwa cha 10. Mizani ya muuza makala (mkaa) inatosha. Halafu ringi, vile vyuma vidogo vinavyozungushwa kwenye vyuma virefu vya nguzo: zikaribiane kwenye kichwa na mguu wa nguzo, ncha zake zikunjwe ziingie ndani. Waliokuwa Bukavu Jumapili ile ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la 5.9, hawana haja ya maelezo. Ninyi wengi mlikuwa mgongoni mwa mama. Nyumba ikiyumba, nguzo huumia zaidi pale inapokutana na boriti, na ndipo hapo hapo fundi anapopenda kuruka ringi kwa sababu vyuma vimebanana na mkono hauingii. Panda ngazi uhesabu mwenyewe kabla kofraji, mbao za kumiminia beto, haijafungwa.

3. Kuta za kuzuia udongo. Hapa nitakaa kidogo. Mji wetu ni mteremko juu ya mteremko: ukikata parsele, yaani kiwanja, kuna jirani juu yako na jirani chini yako. Mvua ikinyesha na maji yakakosa njia, yanajaa nyuma ya ukuta, na msukumo unaweza kufika maradufu ya ule wa udongo mkavu. Ndiyo maana tunaacha mabomba ukutani na kuweka kokoto nyuma yake.

Hayo yote niliyajua nilipojenga ukuta wangu mmoja wa namna hiyo. Niliyachora mabomba, yakanunuliwa, yakapangwa kwa mistari mizuri. Ndipo mama wa parsele ya chini akatoka jikoni kwake, akayatazama. "Injinia mwanangu, hiyo midomo yote inanielekea mimi?" Alikuwa na haki. Nilichora maji yatokee wapi, sikuchora yaende wapi. Chini ya ukuta hapakuwa na mfereji wowote.

Kapita, msimamizi wa mafundi, akawa na dawa yake: tuzibe mabomba kwa karatasi za mifuko ya simenti, kwa muda, mpaka majirani waelewane. Mwenye parsele akanitazama. Mimi nilikuwa natazama saa, maana Nguba kulikuwa na shantiye nyingine inayolipa vizuri zaidi. Nikasema, "Sawa, tutaona," nikapanda pikipiki. Kwenye shantiye, injinia akisema tutaona, amekwisha kutoa ruhusa. Nami sikurudi kuona.

Mvua za Novemba zikaja. Mama akanipigia simu usiku: "Ukuta wako una mimba." Nilipofika, tumbo lilikuwa limetoka kweli, ufa umelala kwa urefu wa kiuno, tope jembamba linachuruzika humo, na mabomba yangu yote makavu. Tuliwaamsha watoto wake, tukawapeleka kwa jirani. Kabla ya alfajiri kipande cha katikati kiliangukia jiko la mbao: sufuria, gunia la makala, kuku waliokuwa wamelala humo. Hakufa mtu, na sifa hiyo si yangu. Ni kwamba yule mama alikuwa anautazama ukuta kila siku, mimi siutazami.

Tulilipa nusu kwa nusu, mwenye parsele na mimi. Kapita alijenga upya bila malipo huku akinung'unika kwamba injinia mwenyewe alikubali. Ni kweli nilikubali. Ukuta wa sasa una mfereji miguuni unaopeleka maji hadi mtaro wa barabara. Kazi ya mafundi wawili, haikumaliza hata siku.

4. Dali, sakafu ya beto ya juu. Miti ya kushikilia isiguswe kabla ya wiki tatu, hata aliyewakodishia aje na matusi yake. Mwagilieni maji wiki nzima, pamoja na Julai bomba linapokauka.

5. Kapita. Mwite baba, mnunulie chai, mkatalie akikosea. Ninyi mnamkaripia mbele ya vijana, au mnamwogopa hadi mnamsainia kila kitu. Huyu huyu wa karatasi za simenti ndiye aliyenifundisha kugonga nguzo kwa nyundo baada ya kofraji kutolewa: panapolia tupu, ndani kuna kokoto zisizoshikana. Mpaka leo simwachi.

6. Daftari la shantiye. Kila jioni, tarehe, na saini ya mwenye parsele. Ningekuwa na ukurasa mmoja tu wa siku ile ya mabomba, ningesoma ujinga wangu kabla ya mvua.

7. Nyumba ya mjomba. Hiyo nayo ina mkataba. Mjomba ndiye wa kwanza kuongeza ghorofa juu ya msingi uliouhesabia ghorofa moja. Ukipita ukaona vyuma vimeachwa vimesimama juu ya dali yake, usingoje sikukuu ikukutanishe naye. Ingia leo, na ramani mkononi.