Mambo matatu mema kila siku: mbona daftari limejaa na nafuu haionekani?

Swali: Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni muuguzi wa wodini, zamu zangu nyingi ni za usiku. Kwenye semina tulifundishwa kuandika mambo matatu mema ya kila siku ili kujenga ustahimilivu. Hii ni wiki ya tano, sijaruka hata siku moja. Mwanzoni niliona nafuu, sasa najaza daftari tu, na nikikosea kazini bado najilaumu siku tatu nzima. Nakosea wapi?

Jibu: Pole kwa zamu, dada. Inaelekea mlifundishwa nusu ya zoezi. Mwanasaikolojia Martin Seligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na wenzake walilipima na kutoa matokeo mwaka 2005. Washiriki waliandika kila usiku, kwa wiki moja, mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa kila jambo wakaandika kwa nini limetokea. Kundi la kulinganisha liliandika kumbukumbu za utotoni. Miezi sita baadaye walioandika mema na sababu zake walikuwa na furaha zaidi, na dalili chache za sonona, kuliko wale wengine. Ila walikuwa watu waliojitokeza wenyewe, si waliopangiwa na mwajiri.

Chukua mstari kama huu: "Mgonjwa wa kitanda cha nne ameamka vizuri, namshukuru Mungu." Shukrani ibaki palepale, kisha ongeza sababu: "Nilipopita saa nane niliona mkono umevimba, dripu imetoka kwenye mshipa, nikaihamisha. Niliweza kupita kwa sababu mwenzangu alinishikia upande wa pili." Sasa umeuona mkono wako, na wa mwenzako, ndani ya jambo lenyewe.

Hiyo "kwa nini" ina historia. Mwaka 1967 Seligman na mtafiti mwenzake Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuziepuka, wengi wao baadaye hawakujaribu hata kuruka kizuizi kifupi ambacho kingewaokoa. Kwa miaka mingi ilielezwa kwamba mnyama amejifunza kuwa hana la kufanya. Mwaka 2016 wawili hao walijisahihisha kutokana na tafiti za ubongo: mateso yakidumu, kulegea ni hali ya asili, kinachofunzwa ni kutambua kwamba kuna jambo liko ndani ya uwezo wako. Ndiyo maana naisisitiza sana sababu. Orodha tupu ya mema haikuonyeshi uwezo huo.

Kuhusu kuchoka, punguza. Mwanasaikolojia Sonja Lyubomirsky na wenzake waliwapa watu zoezi la kuhesabu neema kwa wiki sita. Waliofanya mara moja kwa wiki walinufaika, waliofanya mara tatu hawakunufaika. Basi andika siku saba mfululizo ukiweka sababu, dakika kama kumi, kabla ya kulala hata kama unalala saa tatu asubuhi. Baada ya hapo chagua siku moja ya wiki.

Kujilaumu kunataka kazi nyingine, na hapa ndipo ningekuomba utumie nguvu zaidi. Tuseme ulichelewesha dawa ya saa sita usiku. Andika tukio lenyewe, kisha wazo lililokujia neno kwa neno, labda "mimi ni mzembe siku zote", kisha lilikufanyia nini: hukulala, ulimkwepa msimamizi. Halafu libane hilo wazo kwa maswali matatu. Kosa ni la kudumu, au la usiku ule? Limegusa kazi yako yote, au dozi moja? Limetokana na wewe tu, au na wodi iliyojaa pia? Jibu kwa ushahidi: dozi ulizotoa kwa wakati wiki hiyo ni ngapi?

Watu wengi huharibu hapa kwa kujisifu badala ya kuchunguza. Mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake, Kanada, mwaka 2009, waliona kwamba watu wanaojidharau wakirudia maneno ya kujisifu hujisikia vibaya zaidi. Akili haikubali isichokiamini. Wala usigeuze zoezi kuwa kujitetea: kosa la dawa liripotiwe kwa utaratibu wa wodi. Seligman mwenyewe anaonya kwamba pale ambapo kukosea kuna gharama kubwa, matumaini si mbinu ya kutumia. Unapopima dozi, kuwa na shaka. Matumaini yaje unapotafuta chanzo cha kosa na namna ya kulizuia.

Na ikiwa kwa wiki mbili, karibu kila siku, moyo umekuwa mzito au hufurahii chochote, na pia usingizi au hamu ya kula imevurugika, daftari halitoshi. Muone daktari au mtaalamu wa afya ya akili. Ukiwaza kujidhuru, nenda siku hiyohiyo, usingoje zamu iishe.