Re: Nataka kufungua chuo cha meno Mwanza ili kisaidie vijijini, nianzie wapi?

Mkuu wazo zuri ila usianze na digrii, hiyo ni miaka 5, bado na intern (mwaka wa mazoezi kazini) juu yake na ukishamaliza kumsomesha kijana anakimbilia Dar, mimi ningeanza na diploma ya matabibu wa meno, kibali unaombea NACTVET (baraza la vyuo vya ufundi na diploma) sio TCU (tume ya vyuo vikuu). Halafu chukua watoto wa hukohuko visiwani na vijijini Ziwa Victoria, Ukara, Kome, Buchosa, maana wa mjini akiona kivuko tu anaomba uhamisho. Mamdogo wangu yuko Ukara, jino lilimsumbua wiki 2 anasukutua maji ya chumvi na kubana karafuu, akavuka Bugolora, Nansio, mpaka Mwanza, shavu limevimba kama andazi, kufika wanang'oa tu. Jino lile lingezibwa mapema mbona lingepona!

Wafundishe kuziba kwa vifaa vya mkono, unakwangua palipooza unajaza ile saruji ya meno, haihitaji umeme wala mashine, inafanyika hata kwenye benchi la zahanati. Majengo ya ghorofa achana nayo kwanza (wengi hela inaishia hapo), nunua viti vya kukunja na sterilaiza (ya kuua vijidudu kwenye vifaa) inayowashwa kwa gesi, na mazoezi yao wafanyie visiwani miezi kadhaa, sio wiki moja ya kupiga picha.